Imekataa kwa Maneno Gani?

Kuna aibu ya kusapu na kuna aibu ya kurudi nyumbani. Ya kusapu unaweza kuificha, unawaambia washkaji umebaki hosteli kwa ajili ya projekti. Ya kurudi nyumbani haifichiki. Ukishajulikana mtaani kwamba unasoma kompyuta chuo kikuu, basi wewe ndiye fundi wa redio, fundi wa king'amuzi, fundi wa simu iliyodumbukia kwenye ndoo, na fundi wa kila kitu chenye waya.

Julai 2024 nilishuka stendi ya Bukoba baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Dar, miguu imevimba, begi limejaa nguo chafu. Laptopu yangu niliiacha kwa fundi wa kioo Dar. Kabla sijamaliza sahani ya ndizi, mama alisema: "Umekuja wakati mzuri. Kesho utaniwekea intaneti kwenye kompyuta ya duka."

Nikajibu kama mtu wa mwaka wa pili anavyojibu: "Hiyo dakika tano tu, mama."

Ilichukua siku tisa.

Duka lenyewe ni steshenari ndogo hapo Kashai: kutoa kopi, kuchapa, kuskani, kulaminisha vyeti. Kwa wasioifahamu Kashai, ni kata ya Manispaa ya Bukoba iliyobanana nyumba kwa nyumba, na watu wake hawapendi kwenda mjini kama kitu kinapatikana mlangoni. Mama anaishi kwa kitu hicho kinachopatikana mlangoni. Msimu wake mkubwa ni huu wa katikati ya mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka. Vijana wanakuja kuomba vyuo, kuhakiki vyeti vya kuzaliwa, kujaza fomu za Bodi ya Mikopo. Wanaosoma makala hii wengi walipitia dirisha kama hilo, kwa hiyo mnajua joto lake.

Miaka ya nyuma upande wa intaneti ulishikwa na kijana mmoja aliyekuwa akikaa kona ya duka na laptopu yake, wanagawana na mama. Mwaka huu kahamia Mwanza. Mama akabaki na printa, skana, na kompyuta ya mezani isiyofungua tovuti hata moja. Vijana wakawa wanamsalimia na kupita, wanakwenda duka la mbele. Kodi ya chumba changu Dar inatoka kwenye duka hili pale bumu linapochelewa. Ada ya mdogo wangu vilevile. Kwa hiyo hakuna aliyeuona mchezo.

Sasa mashine. Ni Pentium 4 ya biti 32, RAM gigabaiti 2, kasha limekuwa rangi ya chai. Aliileta baba mdogo mwaka 2010. Yeye alikuwa fundi simu, sasa kastaafu yuko Kamachumu, Muleba, na kahawa zake. Ndani aliweka Ubuntu 10.04 kutoka kwenye CD aliyoagizia kwa posta. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza hamtaamini, lakini kweli kulikuwa na huduma iliyoitwa ShipIt: unajaza anwani yako ya S.L.P., unatumiwa CD ya Ubuntu bure mpaka ulipo. Ilifungwa Aprili 2011. Baba mdogo aliipenda Ubuntu kwanza kwa jina. Mhaya hahitaji kamusi hapo. Kwetu mtu ni omuntu.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipasua ukuta wa duka kutoka dirishani mpaka sakafuni, mashine ikatikisika juu ya meza na kubaki. Tangu hapo mama anaiheshimu kama mzee wa ukoo. Ndani yake kuna daftari lake la madeni, na kuna folda iitwayo WASIFU. Msiba ukitokea Kashai, familia huja kuchapisha wasifu wa marehemu usiku uleule: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alisoma, alioa, ameacha wajukuu wangapi. Mwaka ukiisha wanarudi kwa ajili ya kumbukumbu, mama anaufungua tena. Karatasi nyingi zimeshapotea majumbani kwa watu. Nakala iliyobaki ni ya mama.

Siku ya kwanza niliunganisha simu yangu kwa waya wa USB ili mashine ipate bando. Nikafungua kivinjari, nikaandika anwani. Ukurasa ukakataa. Nikajaribu nyingine. Ikakataa.

"Vipi?" mama akauliza kutoka kwenye mashine ya kopi.

"Imekataa."

"Imekataa kwa maneno gani?"

Sikumwelewa. "Imekataa tu, mama. Kuna makosa ya kompyuta."

Mama akaja na miwani puani. "Mimi nikimfuata mtu wa deni, akikataa nataka kujua kakataa vipi. 'Sina' ni jambo moja. 'Nilishalipa' ni jambo lingine. 'Sikujui' ni jambo lingine kabisa. Hapo imeandika maneno. Nisomee."

Wanangu, niliona aibu. Maneno yalikuwa mbele yangu, mimi niliona tu kisanduku cha kufunga. Nimekaa miaka miwili darasani, na kila ujumbe wa kosa ukitokea ninachofanya ni kuufunga haraka kama mtu anayefukuza nzi. Siku ile nilimsomea mama kwa Kiswahili, neno kwa neno, na nilipokuwa natafsiri ndipo na mimi nikaelewa. Mashine ilisema imeshindwa kupatana na upande wa pili juu ya namna ya kulinda mazungumzo. Yaani haikusema haina intaneti wala kwamba tovuti haipo. Kivinjari kile kilijua lugha ya siri ya zamani, TLS toleo la 1.0, na tovuti nyingi za leo zinataka angalau 1.2. Firefox ilianza kutumia 1.2 kama kawaida yake mwaka 2014. Ya mama ilikuwa ya kabla ya hapo.

"Kwa hiyo wanazungumza lugha mbili," mama akasema.

"Ndiyo."

"Basi mfundishe huyu wa kwetu." Akarudi kwenye kopi zake.

Nikaenda kwenye terminali, nikaandika sudo apt-get update. Mistari ikashuka, kila mmoja na 404. Nikataka kusema imekataa, nikakumbuka. 404 maana yake ni "ulichoomba hakipo hapa". Mlangoni nimefika, mtu wa nyumba kahama. Toleo la 10.04 lilitoka Aprili 2010, na kwa kompyuta za mezani usaidizi wake uliisha Mei 2013. Toleo likishazeeka, vifurushi vyake huondolewa kwenye hazina kuu na kupelekwa old-releases.ubuntu.com, ambayo ni kama stoo ya vitu vya zamani. Nikafungua faili la /etc/apt/sources.list, nikabadili anwani mstari kwa mstari. Nikarudia.

Safari hii 404 ziliisha, kikaja kilio kingine: sahihi za hazina haziaminiki. Nikapoteza saa tatu hapo, bando linakwenda. Nikatafuta funguo mpya, nikafuta za zamani, nikazirudisha. Aliyegundua tatizo ni mdogo wangu wa darasa la sita, aliyekuwa amesimama nyuma yangu anakula muwa.

"Mbona hii saa inasema mwaka 2002?"

Kumbe! Betri ndogo ya kwenye ubao mama, ile bapa kama sarafu, ilikuwa imekufa, na kila mashine ikizimwa inarudi 2002. Funguo za hazina ya Ubuntu zilitengenezwa 2004. Mashine inayoishi 2002 ikiona ufunguo wa 2004, inaona kitu ambacho bado hakijazaliwa, na ina haki ya kukikataa. Betri mpya ilikuwa shilingi 2,000. Nikaweka, nikasahihisha tarehe, kilio kikakoma. Saa tatu za utaalamu zilishindwa na macho ya mtoto na shilingi elfu mbili.

Nikaanza kusasisha vifurushi, vikifika katikati umeme ukakatika. Kagera kwa miaka mingi umeme wetu ulikuwa ukivuka mpaka kutoka Uganda, na kukatika kwake haikuwa habari. UPS hatuna. Uliporudi nikaandika amri ileile, ikagoma. Nikairudia. Ikagoma. Nikairudia kwa hasira, kana kwamba mashine haikunisikia vizuri mara ya kwanza. Mara ya nne mama akakohoa tu, hakusema kitu, nikasoma: dpkg ilikatizwa, ni lazima uendeshe mwenyewe sudo dpkg --configure -a. Jamani, dawa ilikuwa imeandikwa kwenye ujumbe wenyewe! Mara tatu nimeipita. Nikaiandika kama ilivyo, kazi ikaendelea kutoka pale ilipokatikia.

Mwisho wa siku ya tatu nilikuwa na Firefox mpya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kwa ajili ya 10.04. Nayo bado ni ya 2013. Tovuti zikakataa kwa maneno yaleyale.

Hapo ndipo ujuaji ukaniingia. Nikapakua Firefox ya kisasa kwa simu, nikaihamishia kwenye mashine. Ya kwanza nilichukua ya biti 64, mashine ikasema faili hili haliwezi kuendeshwa. Sawa, kosa langu. Nikachukua ya biti 32. Ikajibu: GLIBC_2.17 haikuonekana.

Nisimame hapa kidogo kwa wale wa kozi nyingine. Unix ilizaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Linux ya Linus Torvalds, iliyotoka 1991, ni ya ukoo huo, na Ubuntu imejengwa juu ya Linux. Katika ukoo huu programu nyingi hazibebi kila kitu chake. Zinaazima kazi za msingi, kama kusoma faili, kuandika kwenye skrini na kuomba nafasi kwenye RAM, kutoka kwenye maktaba moja ya pamoja iitwayo libc. Ubuntu 10.04 ilikuja na toleo la 2.11 la maktaba hiyo. Firefox yangu ilitaka 2.17 au zaidi. Ujumbe ulikuwa wazi kuliko yote niliyowahi kusoma: mgeni huyu mahitaji yake hayapo kwenye nyumba hii.

Mtu mwenye akili angesoma hapo na kusema nyumba imezeeka, tujenge nyingine. Mimi nikasema, kwani shida ni maktaba tu? Si niibadilishe!

Kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, kitu ambacho wanaukoo hawali wala hawakigusi. Ukoo wa Unix nao unao, na libc imo. Mimi nilikuwa nimechoka kuandika sudo kila mara, nikafungua sudo -i ili niwe mkuu wa mashine moja kwa moja. Nikatoa libc ya toleo la 2.19 kwenye kifurushi cha Ubuntu 14.04, nikaiweka pembeni ya ile ya zamani, kisha nikageuza kile kiungo kiitwacho libc.so.6 kielekee kwenye mpya. Nikabonyeza Enter.

Nikaandika ls. Kosa. Nikaandika cp. Kosa. Hata sudo. Kosa. Hata ile amri ya ln niliyoitumia sekunde kumi zilizopita, sasa haiwezi kutumika kurudisha nilichokiharibu, maana na yenyewe inaazima kutoka libc. Nilikuwa nimekata tawi huku nimelikalia.

Mama alikuwa amekwenda sokoni. Nje wingu lilikuwa linapanda kutoka ziwani, lile la kijivu kizito, na kwetu wingu likija hivyo umeme nao huaga. Nikafikiria folda ya WASIFU. Nikafikiria madeni ya shule mbili ambayo hayajaandikwa popote pengine. Flashi ya nakala sikuwa nimetengeneza. Mwaka wa pili, kompyuta, na sikuwa nimechukua nakala! Nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mbona sauti kama ya mtu aliyevunja chungu cha mkwe?"

Nikamweleza. Akanyamaza, nikasikia kuku wake.

"Umezima mashine?"

"Nilikuwa nataka kuizima niiwashe upya."

"Usiizime! Terminali uliyokuwa unatumia bado iko wazi?"

"Iko wazi. Ya sudo -i."

"Usiifunge. Mtu akimshika mgonjwa mkono hauachii. Andika echo, nafasi, nyota. Umeona nini?"

Nikaandika echo *. Majina ya mafaili yakatokea! Karibu nipige kelele. Akaeleza kwamba echo na cd ni sehemu ya gamba lenyewe la amri, na gamba lilikuwa limeshawaka kabla sijafanya upuuzi wangu, kwa hiyo linaendelea kushika libc ya zamani kwenye RAM. Kinachokufa ni kila programu mpya inayotaka kuanza.

"Sasa tafuta busybox. Iko kwenye /bin?"

Ilikuwepo. BusyBox ni programu moja ndogo iliyobeba ndani yake zana nyingi za msingi. Aliianzisha Bruce Perens miaka ya 1990 kwa ajili ya diski za kusakinishia na kuokolea mashine za Debian. Hii ya kwetu ilikuwa imeundwa bila kuazima maktaba yoyote ya nje. Nyumbani gesi ikiisha usiku, mafiga matatu yako uani. Busybox ni yale mafiga.

"Andika taratibu," akasema. "Nisomee kila herufi kabla hujabonyeza."

Nikaandika /bin/busybox ln -sf, kisha jina la libc ya zamani, kisha libc.so.6. Nikamsomea. Akanirudisha mara moja, nilikuwa nimekosea nukta. Tone la kwanza la mvua likagonga bati. Nikabonyeza Enter. Hakuna kilichotokea, na katika ukoo wa Unix kimya maana yake ni salama. Nikaandika ls.

Mafaili yote yakajipanga.

Sikuzungumza. Baba mdogo naye alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Chukua flashi. Nakili kazi za mama yako zote, sasa hivi, kabla hujanishukuru."

Nilimaliza kunakili mvua ikiwa imechanganya. Umeme ulikatika dakika chache baadaye.

Kesho yake alipanda Hiace kutoka Muleba akaja mwenyewe, na mkungu mmoja wa ndizi na daftari. Daftari la kaunta, jalada limechakaa. Ndani kulikuwa na maisha yote ya mashine ile tangu 2010: tarehe, nini kiliwekwa, nini kilibadilishwa, ilijibu nini, ilirekebishwa vipi. Ameandika kwa Kiswahili cha fundi simu. Ukurasa mmoja ameandika na kupigia mstari: kosa la kwanza ndilo kosa, yanayofuata ni watoto wake.

Akaniambia yeye kazini alifundishwa hivyo. Laini za kijiji kizima zikifa, huhangaiki na simu ya kila mtu, unarudi mpaka pale waya ulipokatika kwanza. Mimi darasani, programu ikitoa makosa arobaini, huwa naanza na la mwisho kwa sababu ndilo liko chini ya skrini.

Nilitegemea atanisaidia kuipandisha 10.04 hatua kwa hatua mpaka matoleo ya karibuni. Akakataa. "Hii si mgonjwa, imezeeka," akasema. "Mzee humpeleki jeshini. Ulichotaka kuokoa ni kazi ya mama yako, na imeshaokoka. Weka mfumo mpya unaofaa mwili huu."

Tukachagua Debian 12, iliyotoka Juni 2023, kwa sababu ilikuwa bado inatengenezewa mashine za biti 32 na Firefox yake ilikuwa inaendelea kupata masasisho. Mashine haikukubali kuwaka kutoka kwenye flashi, ikataka DVD. Kutafuta DVD tupu Bukoba mwaka 2024 ni shughuli; nilizunguka maduka mpaka nikazipata kwa mzee mmoja anayerekodi harusi. Faili lenyewe, karibu gigabaiti nne, nililipakua kwa bando la usiku. Kabla ya kuchoma baba mdogo akanilazimisha kulihakiki kwa sha256sum. Namba hazikulingana. Lilikuwa limeharibika njiani. Zamani ningelichoma hivyohivyo, kisha nilaumu DVD, kisha nilaumu mashine. Usiku wa pili zikalingana. Mashine ikajichomea DVD yenyewe, mfumo wa zamani ukitengeneza mrithi wake.

Siku ya tisa, asubuhi, tovuti ilifunguka. Taratibu, nisiwadanganye. Pentium 4 kwenye kurasa za leo inapumua kama bibi anayepanda mlima wa Kashozi. Lakini ilifunguka, skana ikafanya kazi, na folda ya WASIFU ikarudi mahali pake ikiwa na nakala mbili.

Mteja wa kwanza alikuwa binti kutoka Hamugembe, ana bahasha ya vyeti aliyoibana kwapani. Alikuwa amejaribu kwa simu mara tatu, fomu inakataa. Nikavuta pumzi nimwambie ngoja nijaribu mimi. Mama akaniwahi.

"Inakataa kwa maneno gani, mwanangu?"

Binti akafungua simu, alikuwa amepiga picha ya skrini. Namba ya cheti cha kuzaliwa hailingani na iliyohakikiwa. Alikuwa amegeuza tarakimu mbili. Dakika moja kazi imekwisha.

Nimeandika haya kwa sababu semista imeanza na najua maabara zetu zilivyo. Mtu anapiga kelele "imegoma!", watatu wanakuja, wa nne anasema piga chini, piga Windows, na kila mtu anaona huo ndio ufundi. Sisi tunafundishwa kuandika programu mpya kwenye mashine mpya. Hakuna somo la kurithi. Lakini tukimaliza hapa wengi tutakwenda shuleni, zahanati, kwenye ofisi za kata na maduka ya mama zetu, na huko tutakuta mashine iliyowekwa na mtu aliyestaafu, yenye kazi ya miaka kumi ya watu ndani yake. Anayefuta haraka anafuta na wasifu wa marehemu wa mtaa mzima.

Kwa hiyo nachukua nakala kwanza. Naangalia saa ya mashine. Nasoma kosa la kwanza, kwa sauti, kwa Kiswahili, kana kwamba kuna mtu mwenye miwani puani ananisubiri nimalize. Na nimenunua daftari la kaunta. Ukurasa wa kwanza nimeandika tarehe, jina la kiungo nilichokigeuza siku ile, na maneno mawili ya baba mdogo: usiifunge terminali. Najua ni matatu ukihesabu na jina lake, lakini ya kwake hasa yalikuwa mawili. Siku ile kwenye simu alianza na "usiizime".